Makoti Yasiyoagizwa

Ukoo wa Sindano ulikuwa ukoo wa mafundi, na mtaa mzima ulilijua hilo. Baba yake Babu alishona majoho ya mahakimu na magwanda ya wazima moto kwa umri wake wote, wala hakuna aliyewahi kumrudishia nguo kwa sababu pindo limefumuka. Baba yake huyo naye alikuwa mshona mahema, na alisifika kwamba akisema "kesho", kesho ilikuwa kesho, si keshokutwa. Babu, mrithi wa watu hao wawili, alikuwa na karakana ya cherehani kwenye kona ya mtaa, na jina lake lilikuwa safi kama kitambaa kilichofunguliwa sasa hivi kutoka kwenye robota. Katika ukoo huo ndimo alimozaliwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye kila mtu alimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma.

Kila siku akitoka shule, Sindano alivua viatu, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akala, kisha akaingia karakanani kusaidia. Kunawa hakukuwa na mjadala. "Kitambaa cheupe hakisamehe," Babu alizoea kusema.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha ndani kilikuwa kidogo, na humo vilitundikwa vielelezo: karatasi ngumu zenye umbo la kola, mikono, migongo na mifuko, ambazo kitambaa hukatwa kwa kuzifuata. Vielelezo hivyo vilianzwa na baba yake Babu, na sheria ya kwanza ilikuwa kwamba havitoki humo chumbani, hata aje kuviomba waziri. Gauni likitakiwa, Bwana Chaki, mzee wa kunakili, alikilaza kielelezo juu ya karatasi ya kaki, akakizungushia chaki, akakata nakala. Nakala ikishakaguliwa, alishonea utepe mwekundu kwenye kichwa chake, kama mtu anayemvisha mtoto kofia kabla ya kumtoa nje. Hapo ndipo ilipopitishwa kwenye kidirisha kilichokuwa ukutani.

Upande wa pili wa kidirisha alikaa Shangazi yake Sindano. Nakala yenye utepe aliipokea na kuwapa mafundi. Isiyo na utepe aliiweka kando, hata kama ameileta Babu mwenyewe. Nao mafundi, waliopangana kwenye cherehani zao katika chumba kikubwa, hawakuuliza maswali. Nakala yenye utepe ikifika mezani, walikata na kushona, wakakata na kushona, mpaka Shangazi aseme "Basi!" na kuiondoa.

"Mimi sisomi mawazo ya mtu," alisema fundi mmoja mnene, mcheshi, kila alipoulizwa anashona nini. "Mimi nasoma utepe."

Wiki ile karakana ilikuwa imeshika kazi kubwa: gauni nyeupe za wauguzi wa wodi mpya ya watoto. Babu alikuwa ametoa neno lake kwamba zitafika hospitalini Ijumaa kabla ya jua kuzama, maana wodi ilikuwa inafunguliwa asubuhi ya Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo shule zilikuwa na maonyesho ya sayansi. Sindano na wenzake wanne walikuwa wamechaguliwa kueleza namna kirusi cha mafua makali kinavyoishi ndani ya mwili.

"Shikamoo, Babu," Sindano alisema Jumanne, akiwa amesimama wima kama mbele ya mwalimu mkuu.

"Marahaba. Umenawa?"

"Nimenawa. Babu, tunaomba makoti meupe matano, yale ya maabara. Shule ya ng'ambo ya barabara watakuja na makoti."

"Koti linajua nini kuhusu virusi?"

"Halijui kitu, Babu. Lakini waamuzi wataona tuko makini."

"Baada ya wauguzi."

"Maonyesho ni Jumamosi, Babu!"

"Na wauguzi ni Ijumaa. Ijumaa imeitangulia Jumamosi tangu dunia iumbwe." Babu akarudi kwenye kazi yake, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Siku ya pili yake Babu alisafiri kwenda kununua vifungo, akaaga kwamba atarudi Alhamisi alasiri. Bwana Chaki alipotoka kwenda kula, Sindano alibaki peke yake chumba cha ndani. Mezani palikuwa na bunda la nakala za gauni, zote zimekwisha kuvikwa tepe, zikisubiri kupita.

Moyo wake ulimwambia: makoti matano tu, nani atafilisika? Alishusha kielelezo cha koti la daktari, akakinakili, akapunguza ukubwa. Kisha akachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akazikata zile tepe kwenye vichwa vya nakala za gauni, moja baada ya nyingine, akazishonea kwenye nakala zake. Nakala za gauni zilizobaki vichwa wazi akazirudisha bundani, akijisemea kwamba atazitengeneza kesho. Kisha akagonga kidirisha.

Shangazi alizipokea, akakunja uso. "Makoti? Babu yako hakuniambia habari za makoti."

"Utepe si huo hapo, Shangazi?"

Shangazi akautazama utepe, akaupapasa. Ulikuwa utepe halali, umekatwa kwenye bunda halali. "Haya," akasema, "utepe ni utepe." Cherehani zikaanza kuunguruma. Bwana Chaki aliporudi, alilipitisha bunda la gauni bila kulikagua tena, na Shangazi akaliweka kando.

Jambo moja Sindano hakulifikiria. Yeye alitaka makoti matano, lakini nakala haisemi idadi. Idadi huwa kichwani mwa Shangazi, naye huambiwa na Babu. Safari hii Shangazi hakuambiwa kitu, kwa hiyo hakujua aseme "Basi!" wakati gani.

Asubuhi ya Alhamisi, darasani, mwalimu wa sayansi alichora duara kubwa ubaoni, na ndani yake duara dogo.

"Duara kubwa ni seli moja ya mwili wako," alisema. "Duara dogo ni kiini chake. Ndani ya kiini zimetunzwa jeni, yaani maagizo ya kutengenezea kila kitu mwilini. Jeni zenyewe hazitoki nje ya kiini. Basi maagizo yanawafikiaje wafanyakazi walio nje?"

"Yananakiliwa," Sindano alijibu kabla hajaitwa.

"Vizuri sana. Nakala hiyo huitwa RNA mjumbe. Seli huivisha kitu kama kofia kichwani, halafu huitoa kupitia vijilango vilivyo kwenye ukuta wa kiini. Nje kuna viwanda vidogo vinavyoisoma na kutengeneza protini. Viwanda hivyo haviulizi nakala imetoka kwa nani."

Sindano aliacha kuandika.

"Sasa njooni kwa adui yetu," mwalimu akaendelea. "Kirusi cha mafua hakina kiwanda hata kimoja. Ni mfuko wa maagizo tu. Kikiingia kwenye seli, maagizo yake yanapenya mpaka ndani ya kiini. Humo kinafanya ujanja wa ajabu: kinazikata kofia za nakala za seli na kuzivisha nakala zake chenyewe! Nakala za seli zikiachwa kichwa wazi, hazifai tena. Na hata zile zilizosalimika, kirusi kina protini yake ya kuzizuia zisitoke kijilangoni. Nakala zake ndizo zinazopita. Viwanda vya seli vinaona kofia, vinapiga kazi, vinatengeneza virusi juu ya virusi kwa mali ya seli yenyewe, mpaka…"

"Mpaka nini, mwalimu?" aliuliza Sindano, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko yeye.

"Mpaka seli ishindwe kujifanyia kazi zake."

Wenzake waliona ubaoni maduara mawili. Sindano aliona karakana ya Babu.

Kengele ya kutoka ilipolia, alitoka mbio, na nyuma yake alikimbia rafiki yake wa timu, msichana mnene kidogo aliyeitwa Mwanasheria kwa sababu hakuwahi kushindwa ubishi. Sindano alimweleza yote njiani, huku akihema.

"Subiri, subiri," alisema Mwanasheria. "Kuna aliyekuona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna shahidi. Pasipo shahidi hapana kesi."

"Mimi mwenyewe ni shahidi, wee!"

"Shahidi hajipeleki mahakamani kwa miguu yake."

"Leo utamwona," Sindano alijibu, akaongeza mwendo.

Waliyoyakuta karakanani yalimkata maini. Makoti meupe ya ukubwa wa mtoto yalikuwa yamerundikwa kwenye viti, kwenye meza ya pasi, mpaka juu ya kabati. Robota la kitambaa cha wauguzi lilikuwa limekonda, gogo lake la mti likichungulia chini ya mikunjo michache iliyobaki. Karibu na kidirisha, nakala za gauni zilizokosa tepe zilikuwa zimejazana upande wa Shangazi, hazikwenda popote. Cherehani zilikuwa kimya. Babu alikuwa amerudi, amesimama katikati, bado na kofia yake ya safari. Mbele yake Bwana Chaki ameinamisha kichwa.

"Miaka yote hii, Bwana Chaki," Babu alikuwa akisema polepole, na upole huo ulitisha kuliko makelele. "Hujawahi kutoa nakala bila utepe. Safari hii umetoa bunda zima. Na haya makoti ni ya nani? Kama macho yamechoka, niambie, nimtafute mtu mwingine wa kunakili."

"Sijui, mzee mwenzangu," Bwana Chaki alijibu. "Nilizivisha zote kwa mkono wangu. Labda kweli macho yamechoka."

"Hayajachoka!" Sindano alipaza sauti kutoka mlangoni. Watu wote wakageuka. Alipita kati ya cherehani mpaka mbele ya Babu, akasimama. "Babu, si Bwana Chaki. Ni mimi. Nilikata tepe za gauni nikazishonea nakala za makoti. Nilimwambia Shangazi utepe ni huo. Nilitaka matano tu."

Babu alivua kofia yake ya safari, akaiweka mezani.

"Umeyasema kabla ya kuulizwa," alisema mwishowe. "Hilo nimelisikia, na sitalisahau. Kwanza, mwombe radhi mzee uliyemvunjia heshima."

Sindano akapiga magoti mbele ya Bwana Chaki. "Nisamehe, Babu Chaki. Nilikufanya uonekane mzembe."

Mzee akamwinua kwa kiwiko. "Simama, mjukuu wangu. Mimi leo nimefurahi. Nilidhani nimeanza kupofuka."

Fundi mnene akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, isipokuwa Babu. "Sasa," alisema Babu, "gauni hazishonwi kwa machozi wala kwa kicheko. Kitambaa kilichobaki hakitoshi, na duka la jumla liko safari ya siku nzima. Tunafanyaje? Wewe uliyeharibu, sema."

Sindano aliyatazama makoti. Alifikiri kama fundi, mtoto wa mafundi. "Tuyafumue, Babu. Mgongo wa koti unatoa mkono wa gauni na kola. Mbele mbili zinatoa mfuko na mkanda. Kitambaa kilichobaki robotani kitoe miili ya gauni. Ila kufumua kunataka mikono mingi isiyo na haraka, maana kitambaa kikichanika tumekwisha."

Babu alichukua koti moja, akaligeuza ndani nje, akapima kwa futi yake, akapima tena. "Inawezekana," alisema. "Kitatosha kwa unene wa uzi, si kwa inchi. Mikono hiyo mingi iko wapi?"

Mwanasheria, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alikohoa. "Mikono minane iko tayari, Babu. Nakwenda kuwaita timu. Na mimi nafuta kesi yangu."

Kabla hawajarejea, Shangazi alitoka barazani akapiga kelele kuelekea kwa mafundi majirani: "Jamani eeh! Msipokee nakala yoyote yenye utepe wetu mpaka niwaambie!" Maana baadhi ya kazi za karakana zilipelekwa kwao wakati wa wingi. Wakafunga vidirisha vyao, na makoti hayakuzaliana tena popote.

Alasiri ile na ya kesho yake, watoto watano walioketi sakafuni walifumua mshono kwa mshono. Walionyeshwa jinsi uzi unavyokatwa kila baada ya matundu matatu ya sindano na kuvutwa taratibu. Vidole viliuma. Aliyeharakisha alikemewa na Shangazi, aliyelalamika alichekwa na fundi mnene: "Mwanasheria, mkatie rufaa huyo uzi!" Bwana Chaki alizivisha nakala tepe mpya, safari hii za buluu, ili nyekundu zote zihesabike kuwa batili. Shangazi akazipitisha. Cherehani zikaunguruma kama mvua juu ya bati. Na Ijumaa, jua likiwa bado limeegemea mapaa ya nyumba, gauni la mwisho lilipigwa pasi, likakunjwa, na mkokoteni ukaondoka kwenda hospitalini. Muuguzi mkuu alizipokea, akazikagua kola kwa kola, akatia sahihi. Fundi mnene alipiga mluzi uliosikika mtaa wa pili, na hata Babu akatabasamu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Shule ya ng'ambo ya barabara walikuja na makoti yaliyopigwa pasi na mfano wa seli wenye taa za rangi. Timu ya Sindano walikuja na sare zao za shule, vidole vimefungwa plasta, na sanduku la mbao lenye ukuta katikati na kidirisha kimoja.

"Hawa wamekuja kuuza nini?" mvulana mmoja mwenye koti aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Tunauza akili," alijibu Mwanasheria. "Ila wewe hatukukopeshi."

Waamuzi walipofika, wakiongozwa na daktari wa kike mwenye nywele za mvi, Sindano alianza. Mwenzake mmoja alinakili ndani ya sanduku, mwingine akalinda kidirisha, mwingine akajifanya kiwanda. Mwanasheria alikuwa kirusi: aliingia kwa kunyata, akakata kofia, akavisha nakala zake, akaziba kidirisha kwa mgongo wake mpana kila ilipofika nakala ya seli. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini waliokuwa nyuma walipanda viti ili waone, na kila aliyecheka alikuwa ameelewa.

"Na seli hukaa tu ikionewa?" aliuliza daktari.

"Hapana, Daktari. Seli iliyovamiwa huzipigia kelele seli jirani kwa kutoa protini za onyo. Zile jirani hujifunga kabla adui hajafika. Ndiyo maana watu wengi hupona wakipumzika, mwili unapigana. Na sisi tunausaidia kwa kunawa mikono, kuziba mdomo tukikohoa, na kuchanjwa."

"Nina swali gumu," daktari alisema. "Wewe ungekuwa mtafiti wa dawa, ungempiga adui huyu wapi?"

Mvulana mwenye koti alinong'ona kwa nguvu, "Avunje viwanda!"

Sindano alitikisa kichwa. "Viwanda ni vyetu, tukivivunja tutakufa sisi. Kijilango nacho tunakihitaji. Mimi ningemnyang'anya mkasi. Asipoweza kukata kofia, nakala zake zitabaki kichwa wazi, na hakuna atakayezisikiliza."

Daktari alivua miwani. "Dawa ya namna hiyo ipo," alisema polepole. "Wanasayansi walihangaika sana kabla ya kuifikia. Wewe umeifikiaje, binti?"

Hapo Sindano angeweza kujibu kwamba alisoma sana. Aliwaona Babu na Bwana Chaki wameketi safu ya mbele. "Kwa sababu wiki hii mimi ndiye niliyekuwa kirusi, Daktari," alisema. Akawasimulia watu wote: mkasi, tepe, makoti, na mzee aliyekaribia kuadhibiwa bila kosa. Hakujipunguzia hata neno moja.

Mtu mmoja akapiga makofi, kisha ukumbi mzima. Timu ilipewa nafasi ya kwanza bila waamuzi kutoka nje kushauriana. Hata yule mvulana mwenye koti alikuja kuwapa mkono, na Mwanasheria akakubali kumkopesha.

Nje ya ukumbi, watoto wakiruka na kukumbatiana, Babu aliinua mkono wake. Wakanyamaza, na wale wa shule nyingine nao wakasogea.

"Nimefurahi," alisema, "na mimi sisemi neno hilo ovyo. Sasa sikilizeni, maana nalisema mara moja. Kirusi ni kitu kidogo, hakina mkono wala akili. Nguvu yake yote ni kwamba seli zinaaminiana. Nyumba yetu nayo inasimama kwa kuaminiana: fundi anamwamini Shangazi, Shangazi anauamini utepe, muuguzi analiamini neno langu. Anayeutumia uaminifu huo kujipatia chake hawi mjanja, ni mgonjwa, na ugonjwa wake unaambukiza. Lakini mtu ana kitu ambacho kirusi hakina. Mtu anaweza kusimama mbele za watu akasema, 'Ni mimi,' kisha akakaa chini akafumua alichoshona vibaya. Mjukuu wangu amefanya hivyo, na leo nimemwona kuwa mtu wa ukoo wetu. Nanyi vijana, wote mlio hapa, msiniitikie kwa vichwa tu. Kesho mtakapopewa dhamana, iwe ndogo kama utepe, mkaiheshimu. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Babu!"

"Sikuwasikia."

"TUMESIKIA!" walipaza sauti, mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la ukumbi.

"Vema," alisema Babu. "Sasa nendeni mkatende."